Benchi la Kenchi: Samani Inayoazima Mifupa ya Viwanda vya Zamani

Maswali ni yale yale, wanabadilika waulizaji tu. Nitapata wapi gia kuukuu za kubandika kwenye meza? Ni lazima nijue kuchomelea? Chuma kiachwe na kutu yake au kipakwe rangi? Nimechoka kuyajibu kipande kipande, kwa hiyo nayakusanya hapa pamoja na kazi moja ya kuanzia, tangu mchoro hadi siku unapolikalia benchi lako. Majibu ya haraka ni haya: gia huzihitaji, hatutachomelea popote, na kutu itoke.

Samani nyingi zinazouzwa kwa jina la "mtindo wa kiwandani" zimeazima vumbi la kiwanda zikakiacha kiwanda chenyewe. Unakuta meza ya kawaida kabisa imepakwa rangi nyeusi, imebandikwa vichwa vya ribiti visivyoshika chochote, na pembeni imefungwa bomba la maji ambalo halijawahi kupitisha maji. Majengo yale hayakujengwa hivyo. Kiwanda cha kusokota kitani cha Ditherington, pale Shrewsbury, Uingereza, kilichojengwa mwaka 1797, kilipewa nguzo na boriti za chuma cha kusubu kwa sababu viwanda vyenye sakafu na boriti za mbao vilikuwa vikiungua ovyo. Chuma kiliwekwa ili jengo lisiteketee. Uzuri ulikuja baadaye, machoni mwetu.

Kwa hiyo mwongozo huu una sharti moja: ukiona kipande cha jengo kimekuvutia, uliza kwanza kinabeba nini, kisha kipe kazi hiyo hiyo kwenye samani yako. Kisipopata kazi, kiache.

Na kama wewe ni seremala unayeogopa chuma, jua kwamba daraja la chuma la Coalbrookdale, Uingereza, lililosimamishwa mwaka 1779, liliungwa kwa ulimi na tundu na kabari. Mafundi wake hawakuwa na mazoea ya kuunga vyuma vikubwa kiasi hicho, wakatumia ujuzi wa mbao waliokuwa nao.

Tunachotengeneza

Benchi la watu wawili. Urefu wa kikalio ni milimita 1100, upana 360, na kimo 450. Chini ya kikalio kuna kenchi mbili, yaani fremu za kubeba mzigo kama zile za paa, moja mbele na moja nyuma, za aina inayoitwa Warren kwa jina la James Warren, aliyekuwa miongoni mwa waliopewa hataza yake Uingereza mwaka 1848. Ni safu ya pembetatu zenye pande tatu sawa, moja imesimama na inayofuata imepinduka. Utaziona kwenye madaraja ya reli na chini ya mapaa ya karakana.

Nimeichagua kwa sababu moja ya kivivu: pande zikiwa sawa, vipande vyote vya mshazari vinatoka urefu mmoja. Unapima kimoja tu, vingine vyote vinafuata.

Andaa hivi kabla ya kuanza

Chuma:
- Engo (chuma cha umbo la L, chenye mbavu mbili) ya 30 × 30, unene milimita 3, urefu wa mita 6. Ukikata kwa uangalifu, fito nne (vyuma virefu vya juu na vya chini vya kenchi) na miguu minne vyote vinatoka humo, na kinabaki kipande kisichofika hata sentimita 25.
- Flati baa (chuma bapa) ya upana 20, unene 3, kama mita 6 na nusu.
- Flati baa ya upana 30, unene 3, mita 1 na nusu.
- Bolti 36 za M6, urefu milimita 20, zenye kichwa cha mviringo. Nunua 40, kwa sababu mbili tatu zitaingia uvunguni.
- Nati za M6 zenye pete ya plastiki ndani, idadi hiyo hiyo.
- Washa 60 za M6.

Mbao:
- Ubao mmoja au mbao mbili zilizogundishwa, 1100 × 360, unene 35, ngumu na kavu.
- Skrubu 8 za mbao, 5 × 30, na washa zake.

Vifaa: drili, biti za milimita 3, 5.5 na 6.5, panchi ya kuwekea alama, nyundo, grenda au msumeno wa chuma, tupa, jiliwa, klampu mbili, rula ya chuma, skwea, spana namba 10, na funguo ya pembe sita ya milimita 4. Ongeza miwani ya kukinga macho.

Onyo kuhusu chuma cha mitumba. Chuma kilichotolewa kwenye jengo la zamani kinavutia, lakini rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi. Usiipige grenda wala usiichome, maana vumbi na moshi wake ni sumu. Kwa kazi ya kwanza tumia chuma kipya.

Hatua ya 1: Chagua jengo, ulisome

Tafuta picha ya jengo moja. Nasema moja. Anayeanza huja na picha arobaini, akachukua dirisha hapa, nguzo pale, mnara wa maji kule, na mwisho anapata kabati lisilojua linataka kuwa nini.

Picha iwe imepigwa uso kwa uso, bila kuinamisha kamera. Bernd na Hilla Becher, mume na mke wa Kijerumani, tangu mwaka 1959 walipiga picha za minara ya maji, matangi ya gesi na matanuru kwa namna hiyo: siku ya mawingu ili vivuli visidanganye, kamera imenyooka, jengo katikati. Ukiliangalia jengo hivyo unaona mifupa yake. Ukilipiga picha kutoka chini na jua la jioni, unaona mapambo ya jua.

Weka karatasi inayopitisha mwanga juu ya picha, chora mistari ya vyuma tu, kisha mshale mahali mzigo unapoingia (paa, kreni, treni) na mwingine mahali unapotoka kwenda ardhini. Safari ya mzigo kati ya mishale hiyo miwili ndiyo utakayoinakili.

Hatua ya 2: Amua mzigo wa samani yako unapita wapi

Kwenye benchi hili mtu anakaa katikati. Ufito wa juu unabanwa, ufito wa chini unavutwa, na vipande vya mshazari, ambavyo kuanzia sasa nitaviita mikono, vinapokezana, mmoja unavutwa na jirani yake anabanwa, hadi mzigo ufike miguuni. Nadharia inaishia hapo.

Kenchi hii ina kazi ya kweli. Ukiondoa mikono na ufito wa chini, engo mbili za juu ni nyembamba mno kwa watu wawili wazima, zitanepa. Ndiyo maana tunaweza kutumia chuma chembamba namna hii.

Mfano wa kujifunzia ni kiti alichobuni Mfaransa Jean Prouvé mwaka 1934. Miguu yake ya nyuma ni minene, ya bati lililokunjwa likawa na uwazi ndani. Ya mbele ni bomba jembamba la kawaida. Sababu ni kwamba mtu akikaa, uzito mkubwa unaenda nyuma. Hakuna anayehitaji kuelezwa, jicho linaelewa lenyewe.

Hatua ya 3: Mfano wa kadibodi

Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Kata vipande vinne vya kadibodi ngumu, viunge kwa pini moja kila kona, upate mraba. Usukume pembeni: unalala. Ondoa kipande kimoja, unga vitatu vilivyobaki. Sukuma tena. Pembetatu haiendi popote, ingawa kila kona ina pini moja tu. Kwa sababu hiyo tunaweza kutumia bolti moja kila kiungo na tusichomelee.

Sasa tengeneza kenchi nzima ya kadibodi kwa nusu ya vipimo. Utagundua wapi mikono inapandana, na ni bora ugundue hapo.

Hatua ya 4: Kata vipande

- Fito: engo 4, kila moja milimita 1026.
- Miguu: engo 4, kila mmoja 415.
- Mikono: flati baa ya 20, vipande 20, kila kimoja 220.
- Mataruma, yaani vipande vya kuunga mguu wa mbele na wa nyuma: flati baa ya 30, vipande 4 vya 330.
- Misalaba ya pembeni, yaani vipande viwili kila upande vinavyokatizana kati ya taruma la juu na la chini: flati baa ya 20, vipande 4 vya 425.

Anza na fito, kisha miguu, ili ukikosea urefu mkubwa uweze kuugeuza kuwa mdogo. Piga tupa kila ncha mara tu unapoikata. Makali ya chuma kilichokatwa sasa hivi hukata kidole kabla hujasikia maumivu.

Hatua ya 5: Kigezo cha mikono

Hapa ndipo kazi inapofanikiwa au kuharibika, kwa hiyo tulia.

Chukua mkono mmoja. Weka alama milimita 10 kutoka kila ncha, katikati ya upana. Umbali kati ya alama mbili uwe 200 kamili. Piga panchi, toboa kwanza kwa biti ya 3, halafu 6.5, kwa mwendo wa polepole na tone la mafuta. Pima tena. Ikiwa umbali umekuwa 201, kitupe kipande hicho, anza kingine. Kosa la milimita moja halionekani kwenye mkono mmoja, ila kigezo kinalirudia mara ishirini, na kenchi yako itakataa kufunga.

Kigezo kikishakuwa sahihi, kipake alama nyekundu ili kisichanganyike na vingine. Mikono 19 iliyobaki itoboe kwa kukilaza kigezo juu yake na kubana kwa klampu. Ukishatoboa tundu la kwanza, pitisha bolti humo ili kipande kisihame, ndipo utoboe la pili.

Mambo mawili ya usalama. Usishike kipande kwa mkono unapotoboa: biti ikikwama, kipande kinazunguka kama panga. Na usivae glavu kwenye drili, maana biti huivuta glavu pamoja na kilichomo.

Hatua ya 6: Zungusha ncha za mikono

Kila ncha iwe nusu duara, kitovu chake kikiwa ni tundu. Ingiza mikono kumi kwenye bolti mbili ndefu, ibane yote kwenye jiliwa, upige grenda kwa pamoja, umalizie na tupa.

Benchi langu la kwanza niliziacha ncha mraba. Nilifikiri kuzungusha ni urembo. Nikatoboa, nikapaka rangi mbili, ikakauka siku mbili, nikaanza kufunga. Mkono wa kwanza ulipolala kwenye mshazari, kona yake ikagonga ubavu wa engo wa juu, ule uliolala kuelekea ndani, na tundu likabaki nje ya mstari kwa milimita nne hivi. Nikagonga na nyundo. Haikusaidia, rangi ndiyo iliyobanduka. Nilirudi kuzungusha ncha 40 zilizokwisha kupakwa rangi, moja moja.

Hatua ya 7: Toboa fito

Matundu yote ya fito yako kwenye ubavu mmoja wa engo, milimita 17 kutoka kwenye kona ya nje. Pima kutoka ncha moja tu, mwanzo hadi mwisho. Usipime 200, ukahamisha rula, ukapima 200 nyingine. Makosa madogo hujumlishana.

Ufito wa juu (vipande 2): 13, 213, 413, 613, 813, 1013.

Ufito wa chini (vipande 2): 13, 113, 313, 513, 713, 913, 1013.

Kwenye ubavu wa pili wa fito za juu toboa matundu ya skrubu za kikalio kwa biti ya 5.5: kwenye 113, 313, 713 na 913, milimita 17 kutoka kona. Ufito mmoja kati ya hizo mbili yafanye matundu hayo marefu kama milimita 10, kuelekea upana wa benchi. Toboa mawili yanayopakana, uyaunganishe kwa tupa. Sababu utaikuta hatua ya 10.

Hatua ya 8: Toboa miguu, na angalia usije ukawa na miguu minne ya kulia

Kila mguu una matundu kwenye mbavu zote mbili, yote milimita 17 kutoka kona ya nje. Ukipimia kutoka juu:
- Ubavu wa kenchi: 17 na 190.
- Ubavu wa taruma: 50 na 315.

Matundu hayalingani kwa makusudi. Ukiyaweka kimo kimoja, bolti mbili zitakutana ndani ya kona moja na mojawapo haitaingia.

Kosa linalonijia kila mara kutoka kwa wanaoanza: wametoboa miguu minne inayofanana. Haiwezekani. Mguu wa mbele kushoto na wa nyuma kulia ni pacha. Wa mbele kulia na wa nyuma kushoto ni pacha wengine, kama kiatu na mwenzake. Isimamishe yote minne sakafuni kwenye nafasi zake, kona za nje zikitazama nje, na uandike kwa chaki kila ubavu jina lake kabla drili haijawashwa.

Mataruma yana matundu milimita 12 kutoka kila ncha, kwa hiyo tundu hadi tundu ni 306. Vipande vya msalaba ni milimita 10 kutoka kila ncha, tundu hadi tundu 405. Tundu la katikati la msalaba usilitoboe bado.

Hatua ya 9: Funga kikavu, kisha fungua upake rangi

Laza engo mbili, ya juu na ya chini, juu ya meza. Kona ya ufito wa juu iwe juu, ya ufito wa chini iwe chini, na mbavu zisizo na matundu ya kenchi zitazame ndani ya benchi. Mikono yote inakaa upande wa ndani.

Gawa mikono katika makundi mawili ya mitano. Inayoshuka kuelekea kulia inagusa engo moja kwa moja. Inayoshuka kuelekea kushoto inalala juu ya hiyo ya kwanza, ncha zote mbili. Kwa njia hii hakuna mkono unaopindwa. Kwenye kona ya juu ya mwisho, ambako mkono wa kundi la pili uko peke yake, weka washa mbili kati yake na engo kuziba ile nafasi ya milimita 3. Msalaba wa pembeni unafuata ujanja huo huo: kipande kimoja kinagusa mataruma, cha pili kinapandishwa kwa washa mbili kila ncha.

Vichwa vya bolti vitoke nje, nati zibaki ndani. Ukisimama mbali, vichwa hivyo vya mviringo vitaonekana kama ribiti. Mimi siviiti bandia, kwa sababu kila kimoja kimeshika kitu.

Kaza kwa vidole tu. Simamisha benchi lote, fito zikiingia ndani ya kona za miguu. Kila bolti ikishapita, weka alama ya tundu la katikati ya misalaba, zitoe, zitoboe, zirudishe. Ncha ya taruma ikigonga unene wa kona ya ndani ya engo, ipige tupa kidogo.

Ukisharidhika, andika namba kwa panchi sehemu itakayofichika, kisha fungua kila kitu. Najua inauma. Lakini ukipaka rangi benchi likiwa limefungwa, chuma kilichobanwa kati ya vipande viwili kinabaki kitupu, na kutu itaanzia hapo.

Chuma kipya huja na gamba jeusi la kiwandani na mafuta juu yake. Rangi ikipakwa juu ya gamba hilo, itabanduka pamoja nalo. Lisugue kwa msasa, futa mafuta kwa thina, usiguse tena kwa mkono mtupu, paka praima, kisha rangi mara mbili nyembamba. Sikulazimishi nyeusi. Nyekundu ya kutu, kijani kibichi kilichokolea na kijivu zina haki zaidi kwenye vyuma vya zamani kuliko hii nyeusi ya maduka ya samani.

Hatua ya 10: Kikalio

Randa ubao, upige msasa, lainisha kingo za juu kidogo ili zisikate mapaja. Usiuchome moto kuuzeesha.

Ubao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika; kwa upana huu ni milimita chache. Ukiukaza pande zote mbili bila nafasi, utapasuka. Hiyo ndiyo kazi ya yale matundu marefu: upande mmoja umeshikwa, wa pili unateleza. Skrubu za upande unaoteleza ziwe na washa na zisikazwe kwa hasira.

Ukipaka mafuta ya kitani, matambara uliyotumia yatandaze nje yakauke au yaloweke kwenye maji. Yakirundikwa pamoja hupata joto yenyewe hadi kuwaka moto. Hilo si hadithi ya kutishana.

Hatua ya 11: Kufunga kwa mwisho

Fuata mpangilio ule ule wa majaribio. Bolti zote ziingie kwa vidole kwanza. Weka benchi, bila kikalio, mahali palipo sawa kabisa, pima kona kwa kona kwa juu. Vipimo viwili vikilingana, limenyooka. Kaza kuanzia katikati ya kila kenchi ukielekea miguuni, halafu mataruma, misalaba mwisho. Ndipo weka kikalio, kizidi milimita 33 kila mwisho na 10 kila upande, upige skrubu kutoka chini.

Bandika vipande vya ngozi au mpira chini ya miguu. Ncha ya engo ni kisu kwa sakafu.

Ikigoma

*Benchi linacheza, mguu mmoja uko hewani.* Legeza bolti zote za misalaba na mataruma, kaa katikati ya benchi, mtu mwingine akaze ukiwa umekaa. Mara nyingi uzito wako unalinyoosha. Kama bado, mguu mmoja ni mfupi. Ongeza unene wa mpira, usikate mitatu mingine.

*Linayumba kushoto na kulia kwa urefu.* Ufito wa chini haujakazwa kwenye miguu. Bolti zile nne za kimo cha 190 ndizo zinazozuia myumbo huo, na ndizo wengi husahau kwa kuwa hazina mkono wowote.

*Linayumba mbele na nyuma.* Ni msalaba. Angalia kama bolti ya katikati ipo.

*Tundu la mwisho halilingani.* Likiwa limekosea kwa chini ya milimita moja, lipanue kwa tupa ya duara, kwenye kipande kimoja tu. Likizidi hapo tengeneza mkono mpya. Ukitoboa upya kwa biti ya 8, bolti itacheza ndani ya tundu na benchi litakuwa linalalamika kila mtu akikaa.

*Linalia hata baada ya kukaza.* Tafuta mahali chuma kinasugua chuma bila kubanwa. Kwa kawaida ni katikati ya msalaba, au kwenye kona ile ambayo washa mbili hazikuwekwa.

*Nati zinalegea.* Ulitumia nati za kawaida. Badilisha uweke zenye pete ya plastiki, na ukishaifungua nati hiyo mara kadhaa, tumia mpya.

*Kutu inatoka chini ya vichwa vya bolti.* Rangi ilikwaruzwa wakati wa kukaza. Toa bolti moja moja, sugua, gusia praima na rangi, rudisha. Usizitoe zote kwa pamoja, utaanza upya hatua ya 11.

*Ubao umejikunja kama kigae.* Haukuwa mkavu, au ulipakwa mafuta upande wa juu peke yake. Utoe, upake na chini, uache usimame wima ndani ya nyumba wiki kadhaa kabla hujaurudisha.

*Nataka refu zaidi.* Ongeza pembetatu kwa jozi, yaani milimita 200 kila mara, ili matundu yabaki na mpangilio ule ule na kenchi ifanane pande zote. Ukifika milimita 1434 ya chuma, mguu hadi mguu, mwite mtu mzito akae katikati kwanza, nawe uweke rula chini ya ufito uangalie.